Tatu ya Uongo Kwenye Namba Saba

Mwende mwanangu, mwaitu,

Mama yako amekupeleka Kasikeu kumuaga nyanya yako. Mkirudi jioni nyumba itajaa watu wa kanisa, chai na maombi, na mimi sitapata hata kona ya kuongea na wewe. Kwa hivyo nimezima mashine ya kuchomelea, nimeketi kwenye benchi ya kazi mchana huu wa jua kali, na ninaandika kwenye karatasi ninazochorea mageti. Mikono ina grisi. Ukiona alama za vidole ujue ni zangu, usidhani barua imepita kwa mtu mwingine.

Sitakuambia uchemshe maji, ufunge mlango, wala usile kwa watu usiowajua. Mama yako ameyasema hayo tangu Jumatatu, na ameyasema vizuri kuliko mimi. Mimi nina neno moja tu na ni neno chafu. Nimelikalia miaka miwili. Nikilikumbuka nashikwa na kichefuchefu, kile cha kweli, cha kuniinua mezani nikaacha isyo yangu ya mahindi na maharagwe ikiwa bado moto. Mama yako anadhani ni vidonda vya tumbo. Si vidonda.

Wiki jana ulinionyesha barua ya kuitwa chuo huko Kitui. Nikaisoma mara mbili. Upimaji wa ardhi, sawa, lakini cheti. Alama zako zinatosha diploma, hata mwalimu wako wa darasa alituambia hivyo mbele ya mama yako. Nikakuuliza, "Mbona hukuomba diploma?" Ulikuwa unachambua pojo kwenye ungo, na hukuinua hata kichwa. Ukasema, "Baba, mimi ni mtu wa moja juu. Wacha niende mahali nitatoshea."

Ulisema polepole, bila uchungu, kama mtu anayetaja namba ya kiatu chake. Asi! Nilitoka nje nikatema mate. Ulidhani nimekasirika na wewe, nilikuona ukinitazama mlangoni. Nilikuwa najitemea mimi mwenyewe.

Wewe na mimi tunajua hiyo "moja juu" ilizaliwa wapi. Ni kule uwanja wa sahani, nyuma ya kanisa, hapa Kathonzweni. Kitu usichojua ni nani aliyeitengeneza na mikono yake.

Unakumbuka mchezo huo ulivyokuja. Ulikuwa darasa la sita. Yule mgeni wa kanisa, mwalimu mstaafu kutoka ng'ambo, alileta gunia la sahani za plastiki na picha ya kikapu cha chuma chenye minyororo inayoning'inia. Akauliza nani anaweza kutengeneza vikapu tisa kama hicho. Nikasema mimi, hata kabla sijajua ni vya nini. Baadaye akatueleza: ni gofu, lakini bila fimbo. Unasimama mahali palipowekwa, unarusha sahani, unaifuata ilipoanguka, unarusha tena, mpaka ishikwe na minyororo. Mwenye mitupo michache ndiye bingwa. Yeye aliviita vikapu mashimo na sisi tukaviita mashimo, na wazee wa kanisa wakacheka mpaka machozi. "Shimo gani hili limesimama kwa mguu mmoja?"

Halafu kuna par. Kila shimo lina par yake, imeandikwa kwenye ubao pale unapoanzia kurusha. Ni idadi ya mitupo ambayo mchezaji aliyeiva anatarajiwa kutumia. Ukitumia hiyo uko sawa. Ukizidisha mmoja, uko moja juu. Mgeni aliweka par ya mashimo sita, kisha muda wake ukaisha, akarudi kwao. Namba saba, nane na tisa akaniachia mimi. Alisema, "Fundi ana tepu, na tepu yake haidanganyi."

Na kweli haikuwa inadanganya! Wewe mwenyewe umeshika ncha ya tepu hiyo tangu ukiwa na miaka saba, ukinisomea, "Futi kumi na mbili na nusu inchi, baba." Tangu nianze kazi ya jua kali hapa, sijawahi kumpa mtu geti lisilofunga. Dirisha likikataa kuingia ukutani nalirudia bila kuambiwa. Nilidhani mtu akiwa mwaminifu kwa chuma atakuwa mwaminifu kwa kila kitu. Ujinga mtupu.

Namba nane na tisa ziliniweka kazini siku moja tu, ni fupi na wazi. Ni namba saba iliyonipata. Unaijua kuliko mtu yeyote. Unasimama kwenye jiwe lile pana, mbele yako korongo, ng'ambo yake migunga, halafu uwanja unakata kona kulia na kikapu hukioni kabisa. Mita mia na arobaini na tano kwa kufuata kona. Siku niliyokwenda kuipima nilikuwa na mchungaji. Nikarusha ili tuone. Mwende, sahani iliniponyoka. Ilienda kushoto vibaya, ikagonga mgunga wa upande huu wa korongo, ikaanguka imesimama kama gurudumu, ikaanza kubingirika kwenye njia ya ng'ombe. Ikashuka korongo, ikapanda upande wa pili, ikapita kona. Mchungaji akapiga mayowe. Mtupo wangu wa pili ulikuwa mbovu, nikabaki mbali na kikapu, hatua kama ishirini na tano. Wa tatu nilirusha bila hata kulenga, na minyororo ikalia.

Tatu. Mchungaji alininyanyua juu kama bwana harusi. Jioni ile ile nikachukua rangi nyeupe nikaandika ubaoni: NAMBA SABA, PAR 3.

Hiyo tatu sijawahi kuirudia. Hata mara moja. Nimekwenda peke yangu asubuhi, nimekwenda saa sita, nimekwenda upepo ukiwa nyuma yangu. Nne nikibahatika, mara nyingi tano, siku nyingine saba. Na bado nilikuwa narudi sokoni, watu wakiniuliza, "Leo saba umefanya ngapi?" nasema, "Tatu, kama kawaida." Kama kawaida! Mpaka wakaniita Fundi Tatu. Hata wateja kutoka Mukuyuni walikuja wakiuliza kwa Fundi Tatu ni wapi. Nikalipenda jina hilo. Sasa mtu akiniita hivyo ni kama amenipaka kinyesi cha kuku usoni.

Sasa sikiliza sehemu ambayo inanikera zaidi, kwa sababu hapo nilijiona mtakatifu. Unamkumbuka mwenyekiti wa kamati ya uwanja. Kulikuwa na mheshimiwa anakuja kufungua rasmi, na mwenyekiti alitaka afurahi. Usiku wa kuamkia siku hiyo akafuta tatu kwenye namba moja akaandika nne. Namba moja, Mwende! Mita sitini, tambarare kama meza, mama aliyebeba mtoto mgongoni anaweza kuifanya kwa tatu. Mheshimiwa akarusha mara tatu, sahani ikaingia, mwenyekiti akatangaza kwa kipaza sauti kwamba mgeni wetu ni bingwa, amecheza chini ya par. Watu wakashangilia. Mkutano uliofuata nilisimama nikapiga meza. Nikasema par si zawadi ya kumpa mkubwa. Nikasema mtu akichezea kipimo amewaibia hata watoto ambao hawajazaliwa. Nilisema maneno mazuri sana, mama yako anayakumbuka mpaka leo. Wakarudisha tatu kwenye namba moja, na nikatembea kurudi nyumbani kifua mbele.

Nyani haoni kundule.

Ndipo akaja Halima. Yule dada wa Mwingi, wa ile familia ya wenye maduka ambao babu zao walitoka pwani. Alijifunza mchezo huu Nairobi, na alitumwa kutoka huko kuukagua uwanja wetu kabla ya siku ya mchujo. Alikuja Alhamisi, mchujo ulikuwa Jumamosi. Alipima mashimo yote tisa. Kwenye saba alisimama muda mrefu. Akaleta wachezaji wanne aliokuja nao, wazuri kweli, akawaambia kila mmoja arushe mara kumi. Hakuna aliyevuka kona kwa mtupo mmoja.

Akaniita kando, kwa ile adabu yao. "Mzee wangu, usinione mtovu wa heshima. Hii ni nne."

Nikamwambia, "Mimi nimeifanya kwa tatu. Mchungaji ni shahidi."

"Sikatai. Lakini par haihesabiwi kwa mtupo uliogonga mti. Tunahesabu mitupo ya kumfikisha mchezaji aliyeiva karibu na kikapu, hatua kama kumi, kisha tunamwongezea miwili ya kumalizia. Hapa kufika ni miwili. Miwili na miwili ni nne. Tunamtazama mtu ambaye hakukosea, wala hakubahatisha."

Akacheka kidogo, alitaka kunisaidia, maskini. "Na mbona unajipunja, mzee? Ubao ukisema nne, tatu yako inakuwa ya ajabu. Itasimuliwa."

Alikuwa na haki kabisa, na hapo ndipo alipogusa kidonda. Sikutaka iwe ajabu. Jambo la ajabu hutokea mara moja likaisha. Mimi nilikuwa nimewaambia watu kwamba kwangu ni kawaida, na nilitaka ubao useme hivyo kwa niaba yangu, mvua na jua, hata nikiwa nimelala. Nikamjibu Halima jibu la kijinga: "Dada, uwanja huu niliuchimbia nguzo mimi. Utanifundisha?" Akasema, "Basi, uamuzi ni wenu." Akaenda zake. Sikumwambia mwenyekiti wala mama yako. Sikukuambia wewe, na ulikuwa nyumbani jioni hiyo unaosha viatu vyako vya kuchezea.

Jumamosi unaijua, lakini wacha niiandike, kwa sababu nataka uione kutoka upande wangu. Sheria ilikuwa rahisi: atakayemaliza mashimo tisa akiwa sawa na par, au chini, anapelekwa Nairobi kufundishwa, halafu anarudi kuwa mkufunzi wa shule zetu. Mlikuwa kumi na mmoja. Mimi ndiye niliyepewa kadi ya kuandikia mitupo ya kundi lako. Kufika namba saba ulikuwa sawa kabisa. Ulisimama kwenye jiwe ukavuta pumzi. Mtupo wa kwanza ukatua ukingoni mwa korongo, pale pale panapotakiwa. Wa pili ukazunguka migunga kama umefungwa kamba, ukatua hatua tisa kutoka kikapu. Nilijua kwa macho yangu kwamba hiyo ndiyo saba inavyochezwa, na kwamba hivyo mimi sijawahi kuicheza hata siku moja. Wa tatu uligonga minyororo ukatemwa nje. Wa nne ukaingia.

Miwili ya kufika, miwili ya kumalizia. Halima alikuwa amesimama kando na kofia yake. Alinitazama. Wewe pia ulinitazama, ukasema, "Baba, ni nne."

Nikasema, "Tatu ni tatu." Nikaandika moja juu.

Nane ukawa sawa. Tisa ukawa sawa. Watatu walipita. Saba wengine waliobaki nje walikuwa mbali, nne juu, tano juu, hakuna wa kumwonea huruma. Wewe peke yako uliachwa mlangoni, kwa moja, na hiyo moja ilitoka kwenye kopo langu la rangi. Nilikuwa na kalamu mkononi, Mwende. Ilikuwa kazi ya neno moja. Ningesema tu, "Ngojeni, ubao umekosea." Ningeaibika hadi jioni, pengine hadi Krismasi. Nikaona heri aibu iwe yako.

Na jioni uliniuliza jikoni, "Baba, wewe huwa unaiweza vipi?" Unakumbuka nilichojibu? Nilisema, "Mazoezi."

Mazoezi! Mtu wa Mungu! Miezi minne ulikwenda pale kila jioni baada ya shule kutafuta kitu ambacho hakikuwepo. Bega likavimba. Mama yako akawa anakukanda kwa maji moto na chumvi, ananitazama mimi, ananiambia, "Mfundishe mtoto basi, si wewe unaijua." Na mimi nilikuwa nashika gazeti nasoma.

Siku moja ukarudi mapema, ukaosha sahani yako ya bluu, ukaiweka juu ya mtungi wa maji ya kunywa. Ilitosha mdomo wa mtungi vizuri. Tangu siku hiyo kila mtu wa nyumba hii akitaka maji anainua sahani yako kwanza, na mimi ndiye mwenye kiu kuliko wote kwa sababu ya moto wa kuchomelea. Nimeiinua pengine mara tano kila siku. Nikinywa yale maji nasikia uchafu, na maji ni safi.

Utauliza kwa nini sikusema kwa mdomo. Nilijaribu. Kuna siku tulikuwa tunafunga mabati, nikasafisha koo, nikaishia kukuambia mvua itachelewa mwaka huu. Siku nyingine nikakuambia kamba ya mbuzi imeisha. Mficha uchi hazai, na mimi nimeficha mpaka umekwenda kujaza fomu ya chuo ukitumia kipimo changu cha uongo.

Nilichojifunza ni kidogo kwa bei kubwa. Watu wengi watakaokuonyesha ubao na kukuambia hapa ni tatu, hawajawahi kufika kwa tatu. Walibingirika mara moja kwenye njia ya ng'ombe, wakapaka rangi haraka kabla mtu hajauliza. Hata baba yako. Wewe unakwenda kusomea kupima ardhi za watu, kwa hivyo utashika tepu maisha yako yote. Sina la kukufundisha juu ya tepu. Najua tu ilivyo wakati tepu iko sawa na mshikaji ameoza.

Leo asubuhi mlipoondoka nilikwenda uwanjani na kopo la rangi. Mwenyekiti alinikuta pale. Akasema, "Fundi, ya nini kufukua? Hao watoto walishapita, wakufunzi tunao. Utajichafua bure." Nikamwambia nilishachafuka kitambo, ni harufu tu ilikuwa haijamfikia. Akaguna akaenda. Nimefuta tatu, nimeandika nne. Nimempigia Halima simu nikamwomba msamaha. Hakunipa maneno mengi, alisema tu, "Mwambie binti." Na kesho ukiwa njiani mimi nitasimama kanisani. Mchungaji amenipa dakika tano kabla ya mahubiri. Aliniomba nibadilishe mawazo, kwa sababu hadithi ya ile tatu ameisimulia kila sikukuu ya mavuno. Nimekataa.

Nilipomaliza kuandika ubao nilirusha sahani yako ya bluu kutoka kwenye jiwe. Niliichukua kutoka mtungini, usikasirike. Nimetumia mitupo sita. Nimeiandika sita.

Safari ya Nairobi siwezi kukurudishia. Wale watatu waliokwenda wanafundisha vizuri, na hawana kosa. Miezi ile minne pia siwezi, wala lile bega. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie sana, usinipunguzie. Usinipigie simu kuniambia "si neno, baba," kwa sababu ni neno. Lakini usinikasirikie kwa kubaki pale nilipokuweka. Nimeuliza: wiki ya kwanza chuo wanaruhusu mtu kubadilisha kutoka cheti kwenda diploma, kama alama zinatosha. Zako zinatosha. Hiyo haikupimwa na mimi.

Sahani utaikuta kwenye sanduku lako la safari, chini ya blanketi. Nimeisugua kwa majivu. Mtungi nimeukatia kifuniko cha bati, na nimepima vizuri.

Ndani ya bahasha hii kuna kadi yako ya Jumamosi ile. Niliiweka miaka yote miwili chini ya boksi la misumari, sijui kwa nini, pengine mwizi hupenda kukaa karibu na alichoiba. Mwandiko ule wa zamani sikuufuta. Nimechora mstari mmoja juu ya "moja juu", na pembeni nimeandika inavyopaswa kusomeka, nikaweka sahihi na jina langu lote, si lile la sokoni.

Isome kabla hujafika Kitui. Ulikuwa sawa, Mwende. Siku ile ile, mbele ya macho yangu, ulikuwa sawa.

Ni mimi baba yako,
Mutisya